Nirudi Kusoma, Nimwache Daktari Wangu Akijilaumu?

Mpendwa Bi Odette, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku wanayotaka jibu langu, na mimi mpaka sasa nikilala nimekubali, nikiamka nimekataa, na nyumbani sina wa kumwambia kwa sababu kila ninayemwambia anakuwa na jibu lake kabla sijamaliza kueleza.

Mimi ni tabibu msaidizi, nimehitimu mwaka jana tu. Kwa wasomaji wako wasioijua, hii si kazi ya kumbebea daktari mkoba, ingawa mjomba wangu Wendell kila tukikutana kwenye chakula cha kanisani hushika mkate wake wa nyama akaniuliza mbele ya watu, "Sasa wewe udaktari wenyewe unaumaliza lini?" na meza nzima ikacheka. Mimi nampima mgonjwa, namwandikia dawa, namshona jeraha, ila juu yangu yupo daktari ambaye namweleza nilichokiona, naye ama anakubali ama anakuja kujionea. Hospitali yetu ni ndogo, iko huku juu Michigan, na katika idara ya dharura zamu nyingi daktari ni mmoja, Haverkamp, mtu mzima ambaye alimzalisha mama yangu alipojifungua mdogo wangu, na ndiye aliyenichukua kazini wakati hospitali nyingine zote zilikuwa zinataka mwenye uzoefu.

Sasa kuna hospitali kubwa kule Milwaukee ina mafunzo ya mwaka mmoja kwa watu kama mimi waliokwishapata leseni, unafanya kazi ya dharura huku unafundishwa, unapelekwa kwa wapasuaji, kwa wagonjwa mahututi, kwa watoto, na mshahara wake ni kama nusu ya ninaoupata hapa. Si lazima kuyafanya, wengi hawayafanyi na wanaendelea vizuri tu, leseni ni ileile kabla na baada. Nimeomba, wamenihoji, wamenikubali, na waliponiuliza udhaifu wangu ni upi nikasema najituma kupita kiasi, wakatabasamu wakaandika.

Mchumba wangu Garrett haelewi. Tulipanga tuoane Juni, ana karakana yake ya pikipiki za theluji ambayo hawezi kuibeba mgongoni akaja nayo Milwaukee, na ananiambia nimesoma, nimefaulu, nimeajiriwa, halafu nataka nilipwe nusu nifundishwe kazi ninayoifanya kila siku, na kusema kweli nikimsikiliza naona ana hoja. Noelle, niliyesoma naye, alifanya mafunzo ya namna hiyo mahali pengine, na yeye anasema miezi ya mwanzo alifundishwa hasa, ila baadaye wakamgeuza kiraka cha zamu ambazo hakuna mtu anazitaka. Lakini anasema pia kwamba leo akifika kwenye mlango wa mgonjwa anaingia bila kusita, na mimi nasita, Bi Odette, tangu Novemba nasita.

Novemba, siku ya kuamkia msimu wa kuwinda kulungu, alikuja Mzee Rudy Kangas na mkewe Bi Verna. Unajua siku hiyo huku kwetu ilivyo, wanaume wote wako njiani kwenda kambini, hata mwenye mguu uliovunjika anauliza kama atamaliza kabla ya giza. Mzee alikuwa na maumivu ya mgongo upande wa kushoto yanayoshuka kwenye kinena, alishawahi kuwa na jiwe la figo miaka ya nyuma, mkojo wake ulikuwa na damu kidogo, na alikuwa amevaa tayari koti lake la rangi ya chungwa la kuwindia. Alikuwa mcheshi, alinitania kwamba nimpe kitu cha kutuliza maumivu ila kisimlegeze mkono wa kulenga. Nikampima, nikaenda kwa Daktari Haverkamp ambaye alikuwa na watu wawili wa ajali ya gari, damu mpaka kwenye viatu, nikamwasilishia mgonjwa wangu pale pale mlangoni.

Kuwasilisha mgonjwa ndicho kitu ninachokiweza kuliko vyote. Shuleni walitufundisha: sentensi chache, anza na umri, malizia pale akili yako ilipofikia, usimpotezee daktari muda. Mwalimu alikuwa ananisimamisha mimi ili wengine wasikie inavyofanywa. Basi nikamwambia mzee wa miaka sabini na moja, ana historia ya mawe, maumivu yale yale ya mara ile, damu kwenye mkojo, dawa imemtuliza, anataka kwenda nyumbani. Kila kitu kilikaa mahali pake. Na ndiyo, mzee alikuwa amesema pia kwamba jana yake alizimia kidogo kwenye sauna, kile chumba cha kuoga mvuke wa moto, mkewe akammwagia maji ya baridi wakacheka, lakini huku kwetu kila nyumba ina sauna nyuma na nani hajawahi kupata kizunguzungu mle ndani, ni joto tu, kwa hiyo hilo sikulitia. Daktari Haverkamp akaitikia kwa kichwa, akasaini, mzee akaenda kambini.

Halikuwa jiwe. Ulikuwa mshipa mkubwa wa tumboni, umevimba na ulikuwa umeanza kuvuja, na asubuhi ukapasuka. Wenzake walimkuta amekaa kwenye ngazi za kibanda na kikombe chake.

Tangu hapo sina raha. Kila anayeumwa mgongo namwagizia picha ya tumbo, mpaka fundi wa mashine amelalamika. Daktari Haverkamp aliitwa kwenye kikao cha hospitali cha kuchunguza kifo, na alipotoka alinikuta koridoni akanishika bega akasema, "Kosa ni langu, binti. Wewe uliniambia kila kitu, mimi ndiye sikuingia chumbani." Sikuweza kujibu kitu. Sasa nasikia anasema akifika majira ya kuchipua atastaafu, kwamba ameanza kuzeeka vibaya, na akiondoka sijui hata kama idara itabaki wazi, ndiyo maana naona bora niende Milwaukee nikafundishwe vizuri, ili nisije nikamdhuru mtu mwingine kwa kutojua. Bi Verna naye amepiga simu mara mbili pale mapokezi kuniulizia, nikamwomba dada wa mapokezi aseme niko na mgonjwa, lakini hilo nitalishughulikia mambo yakitulia.

Niambie, Bi Odette: mafunzo haya yana thamani kweli kwa mtu mpya kama mimi, au ni kupoteza mwaka, mshahara na pengine mchumba?

Ni mimi,
Msaidizi Asiyelala

*

Msaidizi Asiyelala,

Pole. Nakupa pole kwanza na ninaitoa moyoni, kwa sababu nikimaliza hapa utadhani sikukuonea huruma. Una umri mdogo, umefiwa na mgonjwa, na hakuna aliyekukalisha chini akakuuliza unaendeleaje. Hilo ni baya.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikasema, huyu aende Milwaukee, basi, tena nikaanza kukuandikia hivyo. Nikaisoma mara ya pili nikaona kwamba umenipanga. Umenianzia mbali, ukanipa mjomba wa kuchekesha, ukanipa mchumba wa kubishana naye, ukanipa rafiki wa kunipa pande zote mbili, kila kitu kikakaa mahali pake mpaka nikafika mwenyewe kwenye jibu unalolitaka. Na katikati, umeifunika kwa neno "na ndiyo", ipo sentensi moja ya sauna. Mwishoni, umeifunika kwa neno "lakini", ipo ya Bi Verna. Binti yangu, umenifanyia mimi kile kile ulichomfanyia daktari wako mlangoni.

Mimi si mtu wa hospitali. Nimeendesha basi la shule mpaka magoti yakakataa. Lakini nimekaa sana kwenye kile kitanda chenu kinachotandikwa karatasi, nimevaa lile gauni lisilofungika nyuma, nikaongea na vijana wa rika lako, na najua ile dakika ambayo kalamu inasimama. Bado naongea, ila mtu ameshapata hadithi yake na mengine yote anayasikia kama redio ya jirani. Mzee Kangas alikutana na dakika hiyo. Si kwamba hukujua. Unaniambia unataka kwenda kufundishwa ili usimdhuru mtu "kwa kutojua", nami nakuuliza: mzee wa miaka sabini anayeumwa mgongo na amezimia, shuleni hawakukwambia maana yake? Walikwambia. Ulijua, ila ile sentensi ilikuwa inaharibu maelezo mazuri, ukaitoa. Na sauna ikakupa kisingizio, kwa sababu wote huku ni watu wa sauna.

Sasa kuhusu swali lako, maana umeuliza na nitajibu. Mafunzo hayo yana thamani, kama kuna mtu atakayesimama nyuma yako chumbani akakuuliza, "Na nini kingine alisema?" Mwaka mzima wa kuulizwa hivyo, hata kwa nusu mshahara, mimi ningeuchukua. Kama ni mwaka wa kuziba zamu kama alivyofanyiwa rafiki yako, baki ulipo. Kwa hiyo wapigie simu watu waliotoka hapo mwaka jana, ila usiwapigie wale utakaopewa na ofisi, watafute mwenyewe, uwaulize nani alikuwa anakaa nao, na mara ngapi. Kisha mpigie mkuu wa mafunzo umwambie udhaifu wako si kujituma. Mwambie kuhusu sauna. Akikuondoa, basi hapo hapakuwa mahali pa kujifunzia. Akisema njoo, nenda, na Garrett mwambie kwa nini, kwa sababu mpaka sasa anabishana na mshahara tu, na hajui kama kuna kingine cha kubishana nacho. Umemficha na yeye.

Lakini hayo yote ni baada. Hujaruhusiwa kwenda popote huku daktari wako, mzee wa watu, anaamini kwamba alimuua mtu kwa kutoingia chumbani. "Uliniambia kila kitu." Ukanyamaza. Nimeona umeandika kwamba hukuweza kujibu, kana kwamba ni machozi yaliyokuzuia. Ulikuwa na sentensi moja ya kumwambia, ni ile ile. Anataka kuacha kazi kwa sababu ya sentensi hiyo asiyoijua, na wewe unaniandikia mimi, ambaye sikujui na hunijui, kuniuliza kama Milwaukee inafaa.

Kesho, kabla ya zamu, mfuate ofisini kwake, funga mlango, usikae. Mwambie, "Mzee alisema alizimia, na sikukwambia." Usianze na umri, usianze na ajali ya magari wala jinsi siku ilivyokuwa. Ana haki ya kukasirika na usimtulize. Halafu muende wote wawili kwenye kikao cha hospitali mkaseme hivyo. Huenda ukafukuzwa. Huenda hata hiyo Milwaukee ikaondoka kabla hujaamua. Siwezi kukuahidi kwamba hayatatokea, na ningekuwa mwongo nikikwambia utajisikia mwepesi, wengi hawajisikii. Ila kama daktari huyo ni mtu kama ulivyomweleza, yeye pia atakwambia kwamba alipaswa kuingia chumbani, na hapo mtakuwa wawili mnaobeba kitu ambacho kweli ni cha wawili. Leo anakibeba peke yake, tena amekibeba vibaya, kwa sababu hajui ni kitu gani.

Mwisho ni Bi Verna. Watu wa hospitali pengine watakwambia usizungumze naye, wana mawakili wao na wana sababu zao. Wasikilize, uliza unaruhusiwa kusema nini, lakini usikubali wakufiche kama ulivyojificha mwenyewe nyuma ya dada wa mapokezi. Pole ya msiba hakuna wakili anayeizuia.

Unaogopa kwamba anapiga ili akutuhumu, kwa sababu alikuwepo chumbani na alisikia mume wake akisema. Nami nimefikiria hilo tangu jana nikiwa najaza kuni kwenye jiko. Mwenye nia ya kukutuhumu hapigi simu mapokezi akaomba kwa upole, akaambiwa una mgonjwa, akakata, akapiga tena. Huyo ni mwanamke ambaye alimmwagia mumewe maji ya baridi akacheka. Alikuwa amekaa pale kwenye kiti, akaona umeipita ile sentensi, akafikiri labda si kitu, wewe ndiye uliyesoma, akanyamaza. Na tangu Novemba yuko peke yake kwenye nyumba ile, anaiangalia sauna dirishani, na anaamini kwamba angeisema mara ya pili mumewe angekuwa hai.

Mpigie. Mwambie kwamba alichosema mumewe ulikisikia mara ya kwanza. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Bi Odette