Taa ya Kushoto

Rumonge, Jumapili

Kaka yangu Lukeba,

Assalaam alaikum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi Riziki na watoto wote hapo Kigoma. Baba anakula vizuri, ila macho ni yale yale, yanaona mwanga na kivuli tu. Mimi sijambo, lakini situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda mlangoni kuangalia maji.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ninayo. Unajua baba anavyosikiliza vokali zetu, hizi sauti tunazorekodiana kwenye simu, mtaa mzima unasikia. Hili nataka ulijue peke yako, na baba hawezi kusoma tena. Venanti anakuja huko kesho na mawese yake, nitampa akuletee.

Ziwa limezidi kupanda, kaka. Kina Hamidu choo chao kimekwenda na wamehamia Gatete. Kwetu maji yako uani, yamefika jikoni, na mifuko ya mchanga tuliyoipanga mlangoni imeoza. Kila nikimwambia baba twende kwa Lukeba, ananipa lile jibu alilotupa ulipokuja Idi na lile sanduku la kigari cha kuunganisha: siku kigari chako kitakapofanana na gari lake la zamani, ndipo atakapofunga safari. Tukacheka wote. Laiti tungenyamaza.

Ulipoleta vile vipande vya plastiki ulivyonunua kwa padri aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao, mimi nilidhani ni mchezo wa watoto. Sasa saluni yangu imekuwa gereji. Tupa yangu ni ile ya kucha, rangi ni ya kucha, na plastiki nailainisha kwa mashine ya kukaushia nywele. Yudita anakuja kusukwa, ananikuta nachonga bampa, anavuta kiti anangoja.

Na hao waliotengeneza vipande sijui gari lenyewe waliliona wapi. Paa limekwenda juu mno, taa zimeachana, magurudumu madogo kama vifungo. Tena gari lao ni 404 ya kupanda watu, na ya baba ilikuwa na turubai nyuma, ya kubebea samaki wa ndagala na mawese kwenda Bujumbura. Nikakata nyuma, nikaunda sehemu ya mizigo kwa kopo la mafuta ya nywele. Baba akaipapasa kwa dole gumba, akasema, “Mama, hii iko gari ya mupadri, imesimama sana.” Nikashusha paa. Akasema taa ni macho ya chura, nikazisogeza. Kikafuata kioo, kikafuata kitasa. Kila jioni nampelekea, kila jioni ana kosa jipya. Juzi akaniambia nilirudishe paa juu kama lilivyokuwa. Nusura nikitupe kigari ziwani! Nikajiambia mzee wetu ameanza kusahau.

Hajasahau kitu. Fahima, jirani yetu anayekaa naye mchana, ndiye aliyenifungua macho. Anasema nikishatoka tu, baba anakiendesha kigari ukingoni mwa kitanda, anabadilisha gia kwa mdomo, anaita vituo, Minago, Magara, Gitaza, Kabezi, na njiani anapigia ng'ombe honi. Fahima akamuuliza kama sasa kimefanana. Akamjibu, “Hii iko yangu kabisa, haina kosa hata kidogo. Lakini usimuambie Aliya, atanihamisha.”

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika upya. Nilitaka nimbane siku hiyo hiyo. Lakini nilipoingia nikamkuta ameshanyoosha kiganja, anakingoja kigari, uso umechangamka kama wa fundi mkuu. Nikaelewa. Huku ana kazi, kuna mtu anayengoja neno lake. Huko kwako anaogopa kuwa mzee wa kupelekewa uji.

Jana ukuta wa chumba chake umepasuka upande wa ziwa, toka chini mpaka dirishani. Nilipitisha kidole ndani ya ufa na kidole kikatoka na maji. Naogopa, kaka. Naogopa sana.

Sasa nikwambie nilichofanya. Leo asubuhi nimekiharibu kigari, makusudi kabisa. Nimeing'oa taa ya kushoto, niliyoihangaikia kuliko kitu chochote, nikaibandika chini na kuipinda. Nakuomba utume vokali. Ongea kwa sauti, mtaa usikie. Sema umeona picha, sema Aliya hajui gari, taa imekaa vibaya, kiletwe Kigoma ukinyooshe mwenyewe. Sema tupa unayo na gundi unayo. Namjua baba, hatakubali ukiguse bila yeye kukusimamia. Na usikimalize upesi. Ukishaweka taa sawa, naye akikosoa mlango, mwambie asante, kisha ufungue huo mlango wa kigari uanze upya.

Usidhani nakufundisha uongo, maana kosa lipo. Nilimpa kigari mkononi kabla ya kukaa kuandika. Dole gumba likapita kwenye boneti, likafika kwenye taa, likasimama. Nikangoja anigombeze. Mzee aliyekosoa kila kisicho na kosa, leo kosa la kweli liko chini ya kidole chake, na hakulitaja. Aliniuliza tu kama dirisha la chumba ulichomwekea huko Kigoma linaangalia barabarani.

Nimemwambia ndiyo. Kama haliangalii, kaka, toboa ukuta kabla hatujafika.

Wifi mpe salamu zangu, watoto wabusu wote, na Fahima anawasalimu. Mungu atukutanishe pakavu.

Ni mimi mdogo wako,
Aliya