Mtihani wa Kikoa na Sketi Mpya

Mwanangu kipenzi,

Sisi wazima, ila yule kuku mweupe kaacha kutaga. Wewe unakula vizuri?

Barua yako nimeisoma polepole. Kumbe ulipotafuta kikoa, zile namba zinazoruhusiwa kuingia kwenye fomula, uliondoa sifuri chini ya mstari ukasahau namba hasi ndani ya kipeuo cha pili, ukafeli. Sijaelewa hata nusu, lakini naona unajua ulipokosea.

Baba yako mdogo anasema urudi nyumbani, eti hesabu zimekukataa. Nikamwambia, "Shemeji, kunywa chai yako, inapoa."

Wewe usirudi. Urudie mtihani. Sketi niliyokushonea nimeiachia pindo refu, utalishusha mwakani ukiwa darasani hapohapo.

Ni mimi mama yako.