Binti wa Utafiti Anamuulizia Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, mimi ni fundi friji, mgane, watoto wako mbali, na juzi ile simu ya mezani ambayo marehemu mke wangu aliifumia kitambaa, ambayo zamani ikilia nyumba nzima tulijua ni yake, ililia, nikapokea, kumbe ni binti wa utafiti wa afya, wanauliza watu mambo ya sigara, chumvi, mazoezi na presha, akaniuliza nyumbani tuko watu wazima wangapi, ulimi ukateleza nikasema wawili, akasema utaratibu wao ni kuongea na yule ambaye siku yake ya kuzaliwa imepita karibuni zaidi, na hiyo ni ya mke wangu, basi akasema, "Naomba kuongea na mama, yupo?" Mshauri, tangu tumzike hakuna aliyeniuliza kama yupo. Nikajibu, "Katoka kidogo, mwanangu, piga kesho."

Kesho yake nikasema anaoga, binti akacheka, "Mama huyu ana shughuli!" nikacheka naye, nikamsimulia anavyoimba akichagua mchele, anavyonificha kikopo cha chumvi, na kliniki nikimwambia daktari navuta sigara mbili yeye anavyodakia, "Usimsikilize, ni sita," maana hata dawa zangu za presha alikuwa akizisimamia yeye, siku hizi sijui ziliisha lini. Sasa binti atapiga Jumamosi kwa mara ya mwisho, akimkosa anaifuta namba yetu. Nikisema ukweli, nani tena atamuulizia mke wangu?

Fundi Friji

Fundi, pole sana. Barua yako imenifanya niweke kikombe cha chai chini. Kumkumbuka mke si kosa, na mke wa namna hiyo hata mimi nimemkumbuka na sikumjua. Lakini mzee mzima! Umemtoa marehemu matembezini, umemwogesha, Jumamosi ungempeleka wapi, saluni? Binti wa watu yuko kazini, anatafuta kujua maradhi yanaanzia wapi, nawe unamzungusha.

Halafu umepenyeza jambo la dawa katikati ya machozi ukidhani sitaliona. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kesho, kabla hujafungua karakana, nenda kliniki ukapimwe, na daktari akiuliza sigara, taja idadi ambayo mkeo angeitaja.

Wa kumzungumzia mkeo wapo. Simu ya mezani hupiga pia, haipokei tu: mtafute shemeji yako, dada yake, mcheke na mlie.

Jumamosi mwambie binti ukweli, umwombe radhi. Hatakuchapa. Kisha mwombe arudie lile swali lake la kwanza, mko watu wazima wangapi hapo nyumbani. Safari hii, baba, useme: mmoja.