Mama Yangu Ananiamkia

Shikamoo Mwalimu Ambrosi. Nakuandikia kwa aibu maana sina mwingine wa kumweleza. Mimi ni mwanafunzi wa biashara, na mwezi uliopita vyuo vilishindana hapa Masasi, sisi wanafunzi tukijifanya wawekezaji wanaotafuta biashara changa ya kuipa mtaji, na wafanyabiashara wa kweli wakaletwa kujieleza mbele yetu, majaji wakitupa alama kwa maswali yetu na uamuzi wetu. Kiongozi wetu, Loyce, alituonya kwamba mwekezaji haamkii mtu, kwa sababu ukishasema shikamoo huwezi tena kumbana, basi wa tatu kuingia akawa mama yangu mzazi, anayebangua, kukaanga na kuuza korosho mezani pake Nanganga, sikujua kama ameitwa, nikajifanya simfahamu, nikamuuliza, "Wewe mama, soko lako unalijua au unabahatisha?" Akasimama akisubiri salamu, ukumbi ukacheka, mwishowe akasema, "Shikamoo, mwekezaji," nami nikaitikia marahaba. Tukamnyima mtaji, tukashinda, na sasa tunakwenda fainali Mtwara. Tangu hapo kila nikifika nyumbani ananiamkia yeye, mbele ya majirani, halafu hasemi lingine. Nifanye nini aache kabla ya fainali, na wenzangu wasijue?

Amon, Masasi

Marahaba, Amon. Kwangu naona umeikumbuka.

Pole ninayo, ila ni ya mama yako. Barua nzima hujauliza ameumia kiasi gani. Unataka tu anyamaze ufike Mtwara na tai yako.

Ngoja nikueleze kazi mnayoiigiza, maana hamjaielewa. Anayetoa mtaji anamwachia mtu fedha zake kwa miaka, kwa hiyo husikiliza kuliko anavyohoji. Na akiona aliyeingia ni ndugu yake, husema wazi, kisha hutoka wenzake waamue. "Huyu ni mama yangu." Maneno manne yalikushinda, mkapewa kikombe! Na huyo Loyce, nani kamwambia salamu hupunguza akili? Wanunuzi wa korosho huku kwetu wanawaamkia wazee kutwa nzima, na bei wanabana vilevile.

Sasa sikiliza. Leo hii waambie wenzako na waandaaji ukweli, wakiwafuta, mfutwe. Jumamosi nenda Nanganga, ufike kwenye meza yake wateja wakiwa wengi, kwa sababu ulimdharau mbele za watu, huwezi kumwomba radhi chumbani. Muwahi kumwamkia. Taja ulichofanya, usisingizie mashindano. Asipoitikia, usimbembeleze wala usiondoke: vuta kigoda, ubangue korosho mpaka mafuta ya maganda yafanye vidole viwe vyeusi kama vyake. Na Jumamosi inayofuata urudi tena, hata kama ndiyo siku ya fainali.