Baba, Petroli Uliyoikataa

Mpendwa Baba,

Leo nimepita bwawani nikitoka soko la Skuta kuja nyumbani Gakindu. Boti ingalipo, imefunikwa turubai. Nimesimama pale nikashindwa kuondoka, kwa sababu kuna jambo sikukuambia ukiwa hai.

Wewe ulikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa. Wafugaji samaki waliponunua boti, wakakukabidhi injini yake. Ulisoma kitabu chake kama mtu anayesoma Zaburi, kidole chini ya kila mstari. Watu walikushauri uchanganye petroli na oili, kama ya msumeno wa injini wa kukata miti. Ukakataa.

"Hii iko na mahali yake ya oili. Petroli inataka iwe safi, tena mpya. Basi."

Kisha mvua ikabomoa barabara ya ng'ambo ya bwawa, na mchana mmoja jirani yetu Mama Njeri akashikwa na uchungu wa kuzaa upande ule. Mumewe, aliyekuwa upande wetu, akaja mbio kukuita. Tukakimbilia bwawani. Tangi la boti lilikuwa tupu. Stoo kulikuwa na mtungi wa petroli iliyokaa tangu kabla ya Krismasi. Ukamimina kidogo kwenye chupa ya jemu, ukaiinua juani, ukangoja.

"Mzee, unangoja nini? Bibi yangu anaumia huko!"

"Angalia hapa chini," ukamwambia polepole. "Hiyo ni maji. Injini ikizima katikati, tutasaidia nani?"

Mimi nami nikakupigia kelele mbele ya watu wote: "Baba, hicho ni kiburi tu! Utaua mtu!"

Hukunijibu. Ulienda kwenye pikipiki yako, uliyokuwa umeijaza asubuhi ile, ukafyonza petroli kwa mpira, ukatema mate. Hata hiyo uliipima kwenye chupa. Ilikuwa angavu hadi chini. Ndipo ukaitia kwenye tangi.

Ulivuta kamba mara moja tu. Injini ikanguruma, nywele zikanisimama. Miaka yote nilikujua umeinamia mashine, grisi hadi kwenye viwiko. Sasa ulikuwa nyuma ya boti, mumewe Mama Njeri mbele yako, maji yakipasuka pande zote mbili, na mlio ule haukukatika hata mara moja. Nilisahau kupumua. Nilijiuliza, kumbe huyu ndiye baba yangu?

Jaketi la kuelea lilikuwa moja. Mliporudi, Mama Njeri ndiye aliyelivaa. Gari lilikuwa likingoja, likawachukua. Kabla jua halijatua tukapigiwa simu kutoka hospitali: msichana, na mama yake mzima.

Wewe ulikuwa umeketi kwenye nyasi, mikono ikikutetemeka. Nikakufunika kwa leso niliyojifunga nikidhani ni baridi.

"Si baridi," ukasema. "Mimi sijui kuogelea, Wanjiru."

Nilitaka kukuomba msamaha saa ile ile. Badala yake nikauliza kama una njaa. Tulipanda mlima tukiongea habari za ng'ombe, na tukaendelea hivyo miaka yote hadi tulipokuzika.

Nisamehe, Baba. Siku hizi mtu akiniuliza ujasiri ni nini, nasimulia kimya chako siku ile, nilipokutukana nawe ukaendelea na kazi.

Lala vyema.

Ni mimi, binti yako uliyemsamehe kabla hajaomba.