Blanketi la Majani Chai

Sosiot, 4 Machi 2024

Mpwa wangu Moureen,

Salamu nyingi kama mvua ya huku. Kazi ya maabara huko Bomet yaendeleaje? Sisi tu wazima, isipokuwa mimi, naugua jirani, huyu Bethwel.

Kampuni yenu inachagua mkulima mmoja wa kituo chetu cha kuuzia majani, majani yake yakunjwe kwa mkono, jina lake lichapishwe kwenye paketi. Mmoja! Nami nilipanda chai kwenye kilima hiki kabla Bethwel hajaota ndevu. Mwaka fulani majani yangu yalinenepa hadi mbuzi akajikinga mvua chini ya jani moja. Lakini karani akifungua mzigo wa Bethwel ananusa na kufumba macho kama yuko kanisani. Kwangu anauliza tu, "Mzee Omariba, hili gunia umelikalia?" Nimelikalia, ndiyo! Likikaliwa linabeba maradufu.

Niambie dawa anayotumia. Usipige simu, mke wa Bethwel ndiye anatuchajia simu, na masikio anayo. Andika, mpe Bilhah, yule muuza dagaa za omena, ataniletea.

Mjomba wako,
Omariba

Bomet, 9 Machi

Mjomba mpendwa,

Natumai hamjambo nyumbani na goti halikusumbui.

Hakuna dawa. Jani likichumwa bado linapumua, na pumzi yake ni joto. Ukilibana guniani, joto linakosa pa kutokea. Ukilikalia, linachubuka, maji yake yanakutana na hewa, linaanza kuwa jekundu. Wekundu huo tunautaka, lakini kiwandani, baada ya jani kunyauka na kukunjwa. Ukianzia kwenye gunia, ladha inaishia huko huko. Mzee Bethwel anatumia kikapu, hashindilii, anakitua kivulini, anawahi kituo. Niliionja sampuli yake. Mjomba, ilinukia maua.

Mpwa wako,
Moureen

Sosiot, 14 Machi

Moureen,

Salamu nimepokea. Goti ni zima, moyo ndio umeteguka. Uliionja! Mtoto niliyembeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, mamba wawili wakinisindikiza, leo ananusa maua ya Bethwel.

Sawa. Umenipa siri bila kujua: joto na wekundu. Mimi ni Mkisii. Nani atanifundisha joto? Nikifunika ndizi mbichi na blanketi, zinatoka sukari. Wachaguaji wanakuja Jumanne. Jumatatu nitachuma, nifunike majani mablanketi mawili hadi asubuhi. Kiwanda kitakuta kazi nusu imeisha. Bethwel alale na vikapu vyake.

Mjomba wako,
Omariba

Bomet, 18 Machi

Mjomba,

Salamu baadaye. Bilhah amenipa barua yako jioni hii. Majani si ndizi! Ndizi inaiva, jani linaungua. Yafunue, uyatandaze. Simu yako imezimwa, nimempigia hata mke wa Bethwel ili mtu aje akuambie. Unisamehe.

Moureen

Sosiot, 2 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi niko, nakula.

Jumatatu ile usiku Bethwel alibisha hodi: "Omariba, Moureen anasema ufunue!" Nikajua amekuja kuiba siri. Nikaongeza blanketi la tatu.

Asubuhi nilipofunua, mvuke ulipanda hadi ndege ya Kisumu ikapotea njia. Kituoni karani alitia mkono, akautoa mbio. Majani mekundu kama udongo, yananuka pombe. Yakamwagwa mbele ya watu. Kuku wenyewe wakayakwepa.

Mchaguaji akamuuliza Bethwel siri yake. Akainua kikapu. "Ni hiki, kinapitisha hewa. Alinisukia Omariba, kabla hajahamia magunia." Watu wote wakanigeukia. Nilitaka kujificha, kisha nikakumbuka nimesifiwa, nikanyoosha shingo. Lakini sifa ilitoka kinywani mwake, na hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Jana ameniletea paketi. Jina lake kubwa, na chini, picha ya kikapu changu. Niliipika bila maziwa nikiomba iwe chungu. Mwanangu, haikuwa chungu. Yalikuwemo hayo maua yako.

Sasa nasuka kikapu changu mwenyewe, kikubwa kuliko chake. Nitumie paketi nyingine, lakini uifunge na gazeti, jina lisionekane. Na Bethwel asijue kwamba ya kwanza imekwisha.

Mjomba wako, msukaji,
Omariba