Maji ya Moto Yaliyopotea Ganjoni

Ganjoni, Mombasa
Alhamisi, alasiri

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo na heshima, na natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini, mguu uko juu ya stuli kama alivyokuagiza daktari, wala si jikoni ukiukanyagia na kusema hauumi. Nakujua. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako ananyonya kama aliyeambiwa kesho hakuna, mchana analala, usiku anakesha kama askari wa bandari, na kila anayemwona anasema kachukua paji lako la uso. Mumo anakusalimu sana. Msalimie Baba, umwambie ile dawa ya mgongo aliyoitaka imo kwenye mfuko wa Katana.

Ningekupigia simu, lakini mambo yenyewe ni marefu, na wewe simu unaishika mbali na sikio kama kaa la moto. Katana anakuja huko Jumamosi, atakupa bahasha hii pamoja na leso. Isome mwenyewe kwa miwani yako. Huyo mwanao akimsomea mtu barua huruka mistari anapochoka.

Kama ujuavyo, ulipoteleza kisimani ukavunjika mguu, ikawa huwezi kuja kunitunza, mavyaa wangu, mama yake Mumo, alishika nafasi yako. Alipanda treni Kibwezi na mabegi na kibuyu cha uji, akafika siku niliyotoka hospitali. Sitamsema vibaya, Mama. Ana moyo na ana mikono. Lakini ni mwanamke wa neno moja, na neno lake ni kwamba mzazi asiye na maji ya moto si mzazi, ni mgonjwa anayengoja siku yake. Asubuhi akandwe, jioni akandwe, maji yawe ya kutoa mvuke, mpaka arubaini itimie. Hapo hamtofautiani, hata wewe ungesema hivyo hivyo.

Sasa sisi tangu tuhamie fleti hii maji ya moto tulikuwa hatuyajui. Mombasa hii, nani anaoga maji ya moto? Hata ya bomba mchana yanatoka vuguvugu. Hita ya umeme ilikuwa imetundikwa ukutani bafuni, tangi jeupe lenye kutu pembeni, nami nilikuwa nikianika vitambaa juu yake. Mavyaa alipouliza maji, Mumo alikwenda akabonyeza swichi iliyo ukumbini, nje ya mlango wa bafu, kwa madaha ya mtu aliyeuvumbua umeme mwenyewe. Taa nyekundu ya swichi ikawaka. Tukangoja. Maji yakatoka baridi. Tukangoja tena, mpaka mita ikaanza kulia kwamba tokeni za umeme zinakwisha, na maji baridi vile vile. Ikawa ndiyo kazi ya kila siku, kuwasha na kungoja.

Najua utauliza kwa nini tusichemshe tu. Tulichemsha. Meko yetu ni ya kichwa kimoja. Sufuria ya pili ikichemka, ya kwanza imeshapoa, na mtungi wa gesi ukaisha kabla mgongo wangu haujapata haki yake. Jiko la makaa mwenye nyumba amelikataza ghorofani. Mavyaa aliyatazama yote hayo, akajifunga leso vizuri, akatoa hukumu: ikifika Jumamosi na maji hakuna, mimi na mtoto tutapanda naye treni kwenda Kibwezi, kwenye kuni na sufuria kubwa, tukae huko mpaka arubaini iishe.

Hapo nilikufa moyo, Mama. Wamjua Emmah, mke wa kaka yake Mumo. Naye alipelekwa Kibwezi kwa arubaini. Mtoto wake wa arubaini hiyo sasa yuko darasa la tatu, huko huko. Emmah analima, na mumewe yuko hapa Tononoka kapanga chumba kimoja, anasema maisha ya mjini ni magumu. Hakuna aliyemfukuza Emmah, wala hakuna aliyemkataza kurudi. Kila mwezi ilikuwapo sababu ndogo. Mimi niliziogopa hizo sababu ndogo. Kazi yangu naipenda, nyumba yangu naipenda, na Mumo na madaha yake nampenda vile vile, nataka nikiamka nimwone. Nililia nimejifunika shuka, mavyaa akidhani ni uchungu wa maziwa.

Mumo alimleta fundi, kijana mtaratibu aitwaye Khubaib. Alipima swichi kwa bisibisi ya testa, akaona umeme upo, akasema basi ni koili ya ndani iliyoungua. Akaibadilisha. Maji baridi. Akarudi, akasema basi ni kile kidude kinachopima joto. Akakibadilisha nacho. Maji baridi. Mara ya tatu ndipo alipoipeleka testa yake mpaka kwenye tangi lenyewe, na mwenyewe alikiri kwamba alipaswa kuanzia hapo. Akasema umeme unatoka swichini vizuri lakini tangini haufiki, kwa hiyo waya umekatika ndani ya ukuta, na dawa yake ni kuuchimbua ukuta kutoka ukumbini hadi bafuni. Mavyaa akauliza habari ya vumbi. Akajibiwa kwamba vumbi halitakosekana. Akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo za mtoto.

Nilibaki kitandani nikiyatafuna maneno ya fundi: umetoka lakini haukufika. Mama, huo ndio wimbo wa kazi yangu. Wewe huwaambia watu kwamba mwanao yuko bandarini, wakadhani nanyanyua mizigo, kumbe nakaa ofisi ya wakala wa kutoa mizigo. Wenye mali huja wakilia kwamba kontena lao limetoka melini na yadini halikufika, nami nalitafuta. Na tangu niingie pale sijaona kontena lililopotea hata moja. Lililotoka limefika, ila limefika kwa mtu mwingine, na huyo mtu kwa kawaida amenyamaza kimya. Kisha nikazikumbuka tokeni. Kama waya umekatika, tokeni zetu anazila nani? Waya uliokatika hauli kitu.

Nikiwa bado nawaza hayo, akabisha hodi Bi Fadhiya, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye bafu lake na letu limegawana ukuta. Ni mjane, alikuwa akifundisha watoto Kurani chuoni huko Mji wa Kale mpaka magoti yalipomshinda ngazi. Alikuja kumwona mtoto na kuniletea uji wa pilipili manga. Mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa akishika ukuta hatua kwa hatua, siku hiyo aliingia na bakuli mkononi kama bibi harusi. Mavyaa, ambaye naye magoti yake si ya kusifiwa, akamuuliza kwa heshima anatumia dawa gani.

Bi Fadhiya alitazama mlango kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hajamwambia mtu, asije akaambiwa ana jini au uzee umempanda kichwani. Hita yake ilikufa mwaka ule mwenye nyumba alipopaka rangi jengo zima na kubadilisha swichi. Fundi wa wakati huo alisema haifai tena, naye akaizima na hakuigusa kamwe. Lakini tangu juma lililopita, swichi ikiwa imezimwa vile vile, akifungua bomba bafuni yanatoka maji ya moto. Anayakandia magoti asubuhi na jioni. Alikuwa amemuomba Mola ampunguzie maumivu, akaona dua imejibiwa, akanyamaza ashukuru.

Mavyaa alitikisa kichwa kwa mshangao. Mumo alikodolea macho dari. Mimi kontena langu nilikuwa nimeshaliona.

Na nitakwambia kweli, sikufurahi papo hapo. Mwanamke wa makamo yale amejibiwa dua yake, halafu mimi nimwambie jibu lenyewe ni tokeni za Mumo? Nilimwonea haya. Lakini begi la nguo za mtoto lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeshazaa, kwa hiyo la kuficha sikuwa nalo tena. Nikamweleza yote, hita yetu na fundi na treni. Kisha nikamwomba jambo moja tu: aende kwake akaibonyeze ile swichi yake iliyokufa.

Aliitazama miguu yake, nami nikatamani kujifunika shuka. Mara akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Akasema vyema, waliowasha ni sisi, lakini je, aliyetutuma tuwashe ni nani? Akaondoka, na Mumo nyuma yake.

Mama, nilikuwa nimekatazwa kusimama bila sababu, lakini niliona hiyo ni sababu. Nilijikokota hadi bafuni nikaweka kiganja kwenye tangi. Kwanza hakuna kitu. Halafu likaanza kuguna taratibu, kama sufuria ya maharage inapoanza kupata moto. Mavyaa alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto begani, hapumui. Tulikaa hivyo muda mrefu. Nilipofungua bomba yakatoka baridi, kisha vuguvugu, kisha nikaurudisha mkono mbio. Nilipiga kigelegele mimi mwenyewe, mzazi mbichi, na Bi Fadhiya akakipokea kutoka upande wa pili wa ukuta. Mtoto akalia kwa hofu na hakuna aliyejali.

Khubaib alipokuja alijishika kichwa. Waliobadilisha swichi walizikutanisha nyaya za nyumba mbili kinyume: swichi yetu inawasha hita ya Bi Fadhiya, na yake inawasha yetu. Kwa kuwa sisi hatukuwa tukiwasha, kwake ikawa imekufa. Na kwa kuwa yeye aliizima, kwetu ikawa imekufa. Ukuta haukuguswa.

Jioni ile nilikandwa, Mama. Nilikandwa mpaka mifupa ikanishukuru. Na ni katika kukandwa huko ndipo mavyaa alipoyasema ambayo nadhani hakuwa ameyapanga. Nilikuwa nimempa mgongo, uso wake siuoni, naona mvuke tu. Alisema kwamba alipoolewa alikaa hapa hapa Mombasa, chumba kimoja huko Tononoka, mumewe akiwa wa reli. Alikuwa na cherehani yake na wateja wake. Alipomzaa kaka yake Mumo, mavyaa wake alikuja akamchukua kwenda nyumbani kwa arubaini, kwa sababu mjini hakuna kuni. Mikono yake haikusimama mgongoni pangu alipokuwa akisema. Alisema arubaini yake mpaka leo haijaisha. Alidhani kunichukua ndiyo mapenzi, maana mapenzi aliyopewa yeye yalikuwa hayo. Nilimshika mkono wake wenye maji, tukalia wote wawili, na baadaye akanigombeza kwamba nitapata baridi.

Jumamosi treni ilikwenda bila sisi. Begi la mtoto mavyaa alilifungua mwenyewe. Jioni Mumo alimpeleka mama yake kwenye bustani ya Mama Ngina ufukweni, mahali ambapo alikuwa hajakanyaga tangu ujana wake, akarudi midomo inawaka pilipili ya mihogo na ameshabishana bei na wauza madafu kama mwenyeji. Jumapili akampigia simu mwanawe mkubwa, na ile sauti Katana aliisikia kutoka ngazini. Alimwambia atafute vyumba viwili, kwa sababu shule zikifungwa Emmah anashuka na mtoto wake, na safari hii si ya kutembea. Emmah amenipigia mara mbili kuuliza kama ni kweli. Ni kweli. Mimi likizo yangu ikiisha narudi kazini, na mavyaa amesema atakaa na mtoto mpaka yeye mwenyewe achoke na mji, na dalili za kuchoka bado sijaziona. Ametuma aletewe cherehani.

Sasa lipo moja la kukuungamia, na hili mwenye nyumba asilisikie. Nyaya bado ziko kinyume. Khubaib alisema kuzirekebisha ni kazi ndogo, akashika bisibisi, na mavyaa akamwambia airudishe mfukoni. Alisema nyumbani kwao moto ukizimika mtu huenda kuuomba kwa jirani, na nyumba isiyoomba moto ni nyumba isiyojulikana kama imekufa au iko hai. Bi Fadhiya akaitikia kwamba yeye anaishi peke yake, na asubuhi ambayo swichi yake haitabonyezwa angalau kuna mtu atakayejua. Basi tumeziacha. Yeye akimaliza sala ya alfajiri anamwashia mjukuu wako maji, na mimi namwashia yeye ya magoti. Tokeni hatuulizani.

Pona upesi, Mama. Mguu ukikubali, njoo ukandwe na wewe. Mavyaa anasema mguu wako anautaka mkononi mwake. Mpe Baba shikamoo yangu, na majirani wote walioniombea waambie nimesimama. Mjukuu wako Kasyoka anakubusu paji mlilogawana.

Naishia hapa kwa sababu ukuta umegongwa. Magoti ya Bi Fadhiya yanadai haki yao, acha nikamwashie.

Mwanao akupendaye,
Sidi